Vidonge Nilivyompa Wifi Yangu Anitunzie

Masengo mwanangu, mama yangu,

Sasa hivi umeketi kwa jirani unasukwa nywele za safari, na kwa jinsi ninavyomjua msusi yule, mdomo wake hufanya kazi kuliko vidole vyake, hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Nimewaambia watu wa nyumbani kwamba kichwa kinaniuma. Nimejifungia chumbani na daftari lako la zamani, na kichwa hakiniumi hata kidogo. Kinachoniuma ni kingine, nimekibeba mwaka mzima bila kukuonyesha.

Nimejaribu kukueleza kwa mdomo mara tatu. Kila mara sauti yangu inapanda, na wewe tangu utotoni ukisikia sauti yangu imepanda unainamisha kichwa na kuacha kusikia. Kosa hilo si lako, nitalifikia. Kwa hiyo naandika, kwa herufi kubwa, mistari yenye nafasi, kama unavyopenda. Isome leo ukirudi, polepole, kabla hujafunga begi. Hakuna atakayesimama nyuma yako kukuhimiza.

Sitaandika habari za sufuria, wala za kuamkia wakwe, wala za kuchemsha maji ya Kambove. Hayo unayajua, na mengine umenifundisha wewe. Nataka kukuambia habari za mimba. Si hiyo uliyonayo, bali ile niliyokubeba wewe. Kesho unapanda basi ukiwa na miezi minne, na anayekupeleka ni Tantine Régine, dada mkubwa wa baba yako. Mumeo Banza anakungoja Kambove, lakini utakaa kwa Tantine, ambaye siku hizi anaishi huko huko, mpaka ujifungue, kwa sababu katika ukoo wa baba yako mimba ya kwanza hutunzwa na shangazi. Jumapili walikaa kikao kulithibitisha jambo hilo, na mimi pia nilitikisa kichwa kukubali. Sikupaswa kukubali. Sasa utajua kwa nini.

Nilipokuja Lubumbashi kutoka Mitwaba kuolewa nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilijua kulima na kutwanga. Mji sikuujua. Baba yako alinipitisha kwa dada yake hata kabla ya kunionyesha nyumba yetu hapa Katuba. Tantine Régine alikuwa msaidizi katika kituo cha afya cha mtaani. Alifagia, alichemsha vyombo, alipanga karatasi za wagonjwa, na machoni pangu alikuwa daktari kamili. Yeye ndiye aliyenifundisha soko, akanifundisha nani wa kusalimia na nani wa kupita kando. Nilipougua malaria ya kwanza ya mjini alinilaza kitandani kwake, yeye akalala chini. Alinipenda, Masengo. Nataka ulijue hilo kwanza. Kama haya yangefanywa na adui, ningekuwa nimeyasahau zamani, kwa maana mimi ni mtu wa kufoka na kusahau.

Mimba yako ilipofika mwezi wa nne nilianza kuchoka kama mtu aliyelima tangu alfajiri. Ndoo moja tu kutoka bombani, moyo unadunda mpaka masikioni, mara mbili nikakaa njiani juu ya ndoo yenyewe watu wakinipita. Na nilitamani udongo. Sikutamani nyama wala embe bichi kama wenzangu. Nilitamani ile pemba nyeupe inayouzwa sokoni kwa mabonge, kando ya chumvi. Nikiisikia harufu yake mate yananitoka. Nilidhani ndivyo mimba ilivyo.

Siku ya kupimwa wajawazito, muuguzi alinivuta kope la chini, akalitazama, akaita mwenzake naye atazame. Nakumbuka maneno yake mpaka leo, kwa sababu ndiyo maneno ya kweli niliyoambiwa mwaka ule.

“Mama, damu yako iko kidogo. Hii ni dawa ya damu, ni chuma. Utamezaka kimoja kila siku mpaka utazala. Ni ya weye na ya mutoto.”

Akanipa pakiti ya vidonge vyenye rangi ya kutu. Nilimeza siku sita. Tumbo liliwaka, na choo kikawa cheusi kama makaa. Nikaogopa. Ningemwambia nani? Mwanamke wa kwetu hamwambii mumewe rangi ya choo chake. Nilimwambia Tantine. Aliishika ile pakiti, akaigeuza upande huu na huu, kisha akanisogelea kama mtu anayetaka kusema siri.

“Odette, hii dawa inafanyaka mutoto anakuwa mukubwa mu tumbo. Na weye uko na kiuno kidogo. Batakupasula. Leta nikuchungie.”

Nikampa. Katika nyumba ile mambo ya mke mpya yalitunzwa na wifi mkubwa: kitenge kizuri, karatasi za kanisa, dawa. Ilikuwa heshima. Kumnyima ni kumwambia mbele ya watu kwamba humwamini. Basi kila mwezi nilikwenda kupimwa, nikapokea pakiti mpya, nikapitia kwake kabla ya kufika nyumbani, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Kwa mikono miwili, Masengo, na goti nimekunja. Naye hakuniacha nirudi hivi hivi. Alinifungia pemba kwenye kipande cha gazeti.

“Kula hii. Hii njo dawa ya bankambo. Inatulizaka roho.”

Nilikula pemba, hiyo dawa ya mababu, asubuhi na mchana. Baada ya ugali wetu wa bukari nilikunywa chai nyeusi nzito, kwa sababu Tantine alisema chai huondoa uchovu. Leo najua kwamba udongo ule na chai ile vilinizuia kupata vizuri hata chuma kile kidogo kilichokuwa kwenye majani ya sombe na maharage. Wakati ule nilijua tu kwamba ninapendwa. Nilipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na nikashukuru kwa kung'aa.

Kuna sehemu yangu hapa, sitaificha. Kila mwezi muuguzi aliniuliza, “Unamezaka?” Nikajibu, “Namezaka.” Uongo huo hakunifundisha mtu. Niliutoa mwenyewe, kwa aibu ya kuonekana mshamba kutoka Mitwaba anayeogopa kidonge. Yule mwanamke alinivuta kope tena mwezi wa saba, akakunja uso, akaniuliza mara mbili. Angejua ukweli angenisaidia. Mlango ulikuwa wazi, mimi ndiye niliyeufunga.

Ulizaliwa mdogo na mkimya. Nilitoka damu nyingi, nikakaa wiki tatu bila kusimama sawasawa. Watu walikuja kukutazama wakakusifu kwamba mtoto huyu halii, mtoto huyu hasumbui. Nami nikajivuna. Ulikuwa unalala wakati wa kunyonya, nikasema mwanangu ana adabu.

Miezi miwili baadaye Tantine Régine akajifungua Mwadi, na mtaa mzima ukashika mdomo, maana hakuna aliyejua kwamba ana mimba. Alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya tatu aliificha chini ya vitambaa na sweta, asije mwenye jicho baya akaigusa. Hata kupimwa hakwenda, kwa kuwa pale kituoni wenzake wote wangemwona kwenye benchi la wajawazito. Sisi tulishangilia. Nilichota maji ya kumwogeshea mtoto wake nikiwa na wewe mgongoni, na sikujiuliza chochote.

Mkalelewa pamoja, wewe na Mwadi, mkeka mmoja, sahani moja. Wewe mkubwa wake kwa miezi miwili, na kila kitu yeye akakitangulia. Alikaa wewe ukilala. Alisema maneno mawili matatu wewe ukinyoosha kidole. Shuleni darasa la pili ulirudia, la nne ukarudia. Mwadi alileta karatasi ya alama akiipunga hewani tangu barabarani, yako niliikuta imekunjwa ndani ya kiatu.

Hapa nakuja kwenye lile kosa lililokufanya uinamishe kichwa. Jioni nilikuketisha mezani, mwiko wa bukari mkononi mwangu. Saba mara nane. Uliijua jana, leo huijui. Nilidhani unafanya makusudi. Nilidhani ni uvivu, nilidhani ni kiburi cha kimya kimya cha watu wa baba yako. Nikakupiga viganjani, na ulipoficha viganja nikakupiga mabegani. Siku moja ulinitazama ukasema, “Mama, najua, lakini inatoka.” Inatoka. Ulikuwa na miaka minane na ulinieleza ukweli wote kwa neno moja, mimi nikakuongezea kiboko kwa kunijibu. Naomba unisamehe, Masengo. Nimekuomba msamaha kwa kukupikia, kwa kukushonea, kwa kukupa kipande kikubwa cha samaki, lakini sijawahi kuusema. Nausema sasa. Nilikupiga na hukuwa na kosa.

Na Tantine alikuwa anaona. Wakati mwingine aliushika mwiko kwenye mkono wangu.

“Usimupige sana. Akili ni nywele, kila muntu iko na yake.”

Watu wakamsifu kwa huruma yake. Ulipofika miaka tisa yeye ndiye aliyetupeleka kwenye chumba cha maombi, sisi Wakatoliki wa tangu babu alipofanya kazi ya reli, kwa sababu eti umekaliwa na roho ya kusahau. Walikufungisha siku tatu bila chakula. Siku ya tatu ulianguka ukielekea chooni. Nilikuokota, na Tantine alikuwa pale kando yangu, amefumba macho, anaomba kwa sauti kuliko wote. Alikuwa anamwomba Mungu amwonyeshe nini, wakati yeye mwenyewe anajua amechukua nini?

Sasa nikuambie nilivyojua.

Mwaka jana Mwadi alipomaliza masomo ya uuguzi walifanya karamu. Wewe ulikuwa nyuma unageuza samaki kwenye makaa, mimi nilikuwa nagawa bukari mezani. Tantine alikuwa ameshiba, amefurahi, anasimulia jinsi alivyompata binti yake. Akamwaga mtama penye kuku wengi.

“Mimba ya Mwadi hakuna muntu alijuaka. Najifunga bitambala tatu, natembea. Na dawa ya damu? Nilikuwa nakunywa ya muke wa ndugu yangu. Yeye anaenda ku kupimwa, miye namezaka.”

Watu wakacheka. Ilikuwa hadithi nzuri ya mwanamke mwerevu. Nilikuwa nimeshika sahani, na kwa muda nilicheka na mimi, kwa sababu wote wanacheka. Kisha nikamtazama baba yako. Alikuwa anatazama chini, anatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayesikia kisa anachokijua tayari. Hapo kicheko kikanikauka. Nikamtazama Mwadi, naye pia alikuwa ameacha kucheka.

Siku mbili baadaye Mwadi alikuja peke yake. Alikaa kwenye kiti kile cha mlangoni, akaanza kukunja na kukunjua leso yake.

“Mama, tangu ile siku silalake. Ile dawa mama yangu alikuwa namezaka, haikuwa ya nguvu ya weye tu. Mutoto mu tumbo anajengaka kichwa yake na ile chuma. Akikosa, kusoma na kukumbuka binaweza kumushinda.”

Nikamwuliza, “Ni kwa sababu ya ile njo Masengo iko vile?”

Akaiweka leso magotini. Yule mtoto ni mwaminifu, na ukweli ulimgharimu.

“Hakuna muntu anaweza kukuambia ni ile tu. Kunaweza kuwa malaria, kunaweza kuwa ile damu ulikosa kisha kuzala, kunaweza kuwa shule ya batoto mingi mu darasa moja. Hata kumupiga, Mama. Kuko batoto mama yao alikosa damu na banasoma muzuri. Lakini ile dawa ilikuwa ya Masengo. Hiyo njo najua.”

Akalia, akaniomba msamaha kwa jambo lililotendeka akiwa bado hajazaliwa. Nilimshika kichwa nikamwambia hana deni kwangu. Nakuomba na wewe usimchukie. Yeye ndiye aliyekuandikia mazoezi yako ya darasa la sita kwa mkono wa kushoto ili mwalimu asijue mwandiko.

Baba yako nilimngoja atoke kazini. Sikupiga kelele, na nadhani hilo lilimtisha zaidi. Nilimwuliza kama alijua. Alivua viatu vyote viwili, akaviweka sawasawa ukutani, kisha akajibu.

“Nilijua. Régine angepoteza mutoto wa tatu, angekufa na yeye. Weye ulikuwa na nguvu.”

Nilikuwa na nguvu. Mimi niliyekuwa nakaa juu ya ndoo katikati ya njia. Dada yake alikuja kwake akalia, akamwomba, nao wawili wakakubaliana juu ya mwili wangu na juu yako, halafu wakala chakula nilichopika. Kumbe hata ile habari ya kupasuliwa ilikuwa ya kunitisha tu. Yeye aliyesema dawa inaharibu ndiye aliyeimeza mpaka kidonge cha mwisho.

Nimejaribu kumwelewa Tantine, na namwelewa. Nimeona wanawake waliozika watoto wawili. Kama angekuja kwangu akakunja goti akasema, Odette, naogopa, nigawie, ningemgawia, tungemeza pamoja tumbo kwa tumbo, na muuguzi tungemdanganya pamoja apate kutuongezea. Hakuomba. Alichukua, akanipa udongo. Labda hakujua kwamba vidonge vile vina uhusiano na kichwa cha mtoto. Naamini hakujua. Lakini alijua amechukua, na miaka yote hiyo ya mwiko na ya maombi neno moja kutoka kwake lingenituma nikaulize hospitali badala ya kuwauliza mapepo. Baba yako naye alinitazama nikikupiga viganjani na akageuza kurasa za gazeti. Hilo ndilo lililonivunja. Vidonge walivichukua miezi michache tu, lakini kimya wamekitunza miaka ishirini.

Naendelea kumpikia baba yako. Unajiuliza kwa nini siku hizi sizungumzi naye ila habari za chumvi na maji, sasa umejua.

Nina jambo jingine la kukiri, na hili ndilo gumu kuliko yote. Mwaka huu nimejikuta namwombolezea msichana mmoja ambaye hakuzaliwa. Ni wewe, lakini ni wewe uliyemaliza shule, unayesoma karatasi moja kwa moja bila kidole. Namwona akirudi na karatasi yake ya alama. Halafu unaingia wewe na ndoo, unaniuliza kama nimekula, nami naona haya mpaka shingoni. Yule hayupo na simjui. Wewe nakujua. Wewe ulijifunza Kibemba katika safari nne za kununua unga Mokambo, ukirudi unamwigiza kila mama wa mpakani mpaka tunashika mbavu, wakati mimi safari kumi bado naomba maji kwa kuonyesha koo. Wewe unagusa unga kwa vidole viwili unajua ni wa mahindi ya mwaka gani. Ulimchagua Banza mwenyewe, ukatuambia kwa nini, na sababu zako zilikuwa nzuri kuliko zangu za kumchagua baba yako. Kama kuna kitu ulinyang'anywa, ni chako ulichonyang'anywa, na una haki ya kukikasirikia. Lakini usiniruhusu mimi wala mtu yeyote akutazame kama mabaki ya mtu mwingine.

Sasa turudi Jumapili.

Kikao kilikuwa kizuri, kila mtu alisema maneno matamu. Baba yako alizungumza habari za ukoo. Tantine akasema, “Nitamuchunga sawa mutoto wangu,” na wakanigeukia. Nilikuwa na maneno yote haya mdomoni. Nikatazama zile sahani, wale wageni, kitenge kipya alichokuletea, nikatikisa kichwa kukubali. Baadaye, watu wakiinuka, ulitoa kwenye mkoba pakiti uliyopewa wiki iliyopita ulipokwenda kupimwa, ukamwuliza Tantine kama ni vizuri kumeza ukiwa safarini. Akanyoosha mkono.

“Leta nikuchungie.”

Nawe ukampa. Kwa mikono miwili, goti limekunjwa, kama nilivyokufundisha mwenyewe. Rangi ni ile ile ya kutu. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenu na sahani mkononi, nikauona mkono wako ukivitoa, na sikusema neno. Nimewashitaki watu wawili katika barua hii kwa kunyamaza. Jumapili niliongezeka mimi, tukawa watatu. Wanasema majuto ni mjukuu. Mjukuu wangu bado yuko njiani, na majuto yameshafika.

Leo asubuhi ulipokwenda sokoni nilimfuata Tantine sebuleni, alikuwa anakunja nguo zake za safari. Nikamwambia anirudishie vidonge vyako. Hakuuliza vipi wala kwa nini, maana Mwadi alikwisha kumweleza yote. Alikaa kwenye mkono wa kiti, akaonekana mzee ghafla.

“Mama Masengo, nilitaka nimupatie miye mwenyewe kila asubui, namuona na macho yangu akimeza. Nilitaka kutengeneza. Haujanisamehea?”

Nikamwambia, “Bado.”

Alilia. Inawezekana anasema kweli, Masengo. Inawezekana kabisa kwamba mwanamke yule anataka kukulinda kuliko mtu yeyote duniani, kwa sababu hakuna anayejua kama yeye kilichotokea. Nilisimama pale nikitafuta usoni mwake kitu cha kunionyesha, sikukiona. Hata siku ile ya kwanza uso wake ulikuwa hivyo hivyo, wa upendo. Mimi siwezi tena kuutofautisha. Nikanyoosha mkono, akafungua mkoba wake, akanipa.

Sikukatazi kwenda kwake. Ukitaka kukaa kwake, nenda, na umsalimie kila asubuhi kama shangazi yako. Ukitaka kukaa na Banza katika kile chumba chake, na kwenda kupimwa kwa miguu yako mwenyewe, niambie leo hii, nami kesho kabla ya basi nitasimama mbele ya baba yako na dada yake niseme sababu, na safari hii mtaa mzima usikie sauti yangu. Amua wewe. Mimi nimekuamulia mara nyingi, na vibaya.

Vidonge vyako vimo chini ya barua hii, vyote. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Tumbo likiwaka au lolote likikutisha, mwambie muuguzi, mwambie ukweli hata kama ni wa aibu. Na Tantine atakaponyoosha mkono tena, kwa sababu atanyoosha, kunja goti kwa heshima na umwambie, “Tantine, nitachunga miye mwenyewe.” Usimpe yeye. Usimpe baba yako, wala Banza, hata akuombe kwa mapenzi. Nami nitakapokuja kukuona Kambove, nikikuambia kwa sauti hii unayoijua, mwanangu, leta nikuchungie, usinipe.

Mama yako,
Odette